Bata wa Magugumaji

Jumatatu, 3 Machi

Majini kabla ya jua. Ochieng' mwenye mashua kachelewa tena. Kasia lake moja limepasuka, kalifunga kwa mpira wa baiskeli, na anajisifu kama aliyeunda meli.

Bata domo-njano wawili ukingoni mwa mafunjo. Kundi zima la bata mluzi, likapaa kabla sijanyanyua kamera kwa sababu Ochieng' alipiga chafya. Chafya moja, asubuhi nzima imekwenda. Picha zilizobaki ni za mikia.

Sijali sana. Miaka yote ya studio pale mjini niliwapiga picha wanadamu. Harusi, matanga, pasipoti. Kila mmoja alitaka apunguzwe tumbo, aongezwe weupe, afutwe kovu. Maiti peke yao hawakulalamika, ila shangazi zao walilalamika kwa niaba yao. Kisha simu zikaja, sasa watu wanajifuta wenyewe. Heri. Bata hajawahi kuniomba nimnyooshee pua.

Jioni grupu la wapiga picha wa ndege limejaa kelele simuni. Injinia Odera, mwenyekiti wetu, kaweka picha ya mdiria aliyemwona huku ufukoni kwetu Dunga, na chini yake ramani yenye alama ya mti wenyewe. Kila ndege anayemwona huyu bwana lazima amtangazie anwani. Injinia wa nini hasa, sijawahi kuelewa. Barabara, nadhani. Ndiyo maana zina mashimo.

Alhamisi, 6 Machi

Ochieng' kaenda matangani Sondu. Nimeazima mashua yake, nikapiga kasia mwenyewe. Mgongo unalia.

Lakini nimemwona.

Kuna kichochoro chembamba cha maji nyuma ya mafunjo marefu, mahali ambapo mashua mbili haziwezi kupishana. Mwisho wake, bata mgongo-mweupe. Amelalia mayai. Kiota ni lundo la majani makavu linaloelea, na mwenyewe juu yake kajikunja. Aliyempa jina hilo alikuwa mtu wa mzaha: mgongo mweupe hauonekani mpaka ndege aruke, na huyu hapendi kuruka. Hapendi kufanya lolote. Analala mchana kutwa. Rangi ya chai iliyolala, michirizi ya kahawia, doa jeupe kando ya mdomo. Mzuri kuliko watu wote ninaowajua.

Hakunitoroka. Alifungua jicho moja, akaniona, akalifunga. Hivyo ndivyo ningependa kuwapokea wageni na mimi.

Sitamwambia mtu. Mke wangu tu. Kwao ni Kombewa, na baada ya miaka yote hii bado namwita Nyar Seme, binti wa Seme, na bado anaweza kunyamaza. Sifa hiyo siku hizi haipatikani sokoni.

Jumamosi, 8 Machi

Matembezi ya grupu. Nimekwenda ili wasijiulize kwa nini sikwenda.

Injinia Odera kavaa kile kizibao chake chenye mifuko mingi, yote mitupu. Alipohitaji kalamu alijipapasa kila mahali kama mtu aliyeingiwa na siafu, kisha akaazima yangu. Kofia imefungwa kidevuni kwa uzi wa kijani wa kuvulia samaki, maana kamba yake ilikatika na yeye ni bahili wa vitu vidogo. Vikubwa ananunua. Lenzi yake ni kubwa kama mtungi wa gesi. Anaibeba begani ili tuione hata akiwa anakunywa soda.

Wengine ni hao hao. Mama mmoja wa benki anayepiga picha huku macho yamefumbwa. Kijana wa bima anayesema "safi sana" kila baada ya kubonyeza, kabla hajatazama alichopata. Wote wanazungumza. Hakuna anayejua kukaa.

Niandike sasa habari ya mwaka jana, maana leo nimeikumbuka nikiwatazama. Bata wa aina hii walitaga karibu na ufuko. Injinia akaweka ramani kwenye grupu. Jumamosi wakaja wote. Mafunjo yalikuwa yanaziba kidogo, basi mmoja akatoa panga. "Tusafishe fremu," walisema. Wakakata mafunjo upande wote wa mbele, kiota kikabaki wazi kama meza ya hoteli. Wakapata picha zao. Kesho yake kongoti, yule ndege mwenye upara na mfuko shingoni, akatua na kula mayai moja baada ya jingine. Niliona mwenyewe. Jike na dume walizunguka hapo mpaka jioni.

Injinia aliandika kwenye grupu neno moja: Pole. Pole kwa nani, hakusema.

Safari hii hapana. Mayai haya yataanguliwa hata kama itabidi niwafunge wote kamba.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mhubiri kasema tuwapende majirani. Nimewafikiria wale wa panga na nikashindwa.

Tatizo ni hili: watakipata kile kichochoro. Si leo, lakini watakipata. Wamechoka kupiga picha korongo na wanazunguka kila Jumamosi. Mtu asiye na jambo la kutazama hutafuta.

Basi wapewe cha kutazama.

Wazo lilinijia uani, nikimtazama Nyar Seme akisuka. Yeye na kina mama wenzake huvuna mashina ya magugumaji, huyakausha, hutengeneza vikapu na viti. Yakikauka huwa na rangi ya chai iliyolala. Yana michirizi ya kahawia.

Nikamwambia anisukie bata.

"Baba Akinyi, unataka nisuke mdoli ya kudanganya injinia? Mtu amesoma vile?"

Nikamwambia waliosoma ndio hudanganyika upesi, maana hawaulizi. Akacheka mpaka akaacha kazi.

Jumanne, 11 Machi

Bata amekamilika. Ndani ni kibuyu cha plastiki cha mafuta ya kupikia, ili aelee. Juu ni magugumaji. Kichwa kimerudishwa nyuma kama kilicholala. Rangi ya viatu kwa michirizi, chokaa kidogo kando ya mdomo, nta ya mshumaa kila mahali ili maji yasipenye. Nilisimama nyuma ya Nyar Seme nikimwelekeza mambo ya mkunjo wa shingo mpaka akanituma nikachote maji.

Nilimweka kwenye karai. Akaelea, akainama kidogo upande. Nilihisi furaha ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuihisi mbele ya karai.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempeleka ghuba la pampu, mbali na kichochoro, upande wa pili kabisa. Pale ambapo kuna pampu ya maji ya zamani iliyoshika kutu. Nimemfunga jiwe kwa chini, kati ya majani ya maua ya maji. Ukiwa mbali na ukungu ukiwepo, ni bata. Ukiwa karibu, ni kikapu chenye majivuno.

Kisha nikamwambia Ochieng' kwamba nimemwona bata adimu ghuba la pampu, na kwamba ni siri. Ukitaka Dunga yote ijue jambo, mwambie Ochieng' ni siri.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja! Wote! Mashua tatu!

Mimi nilikaa ufukoni na darubini, chini ya kibanda cha mama anayekaanga samaki. Niliwaona wakipanga tripodi kwenye mashua, kitu ambacho ni ujinga peke yake, maana mashua hutikisika. Walipiga picha mpaka jua likawa kali. Bata wangu hakusogea. Walimpenda zaidi kwa hilo.

Jambo moja. Injinia aliwakataza wasisogee karibu. Alisimama mbele na mikono imetandazwa kama mwongoza kwaya. Ochieng' kanieleza maneno yake jioni:

"Alisema hii bata ni mwoga sana, mtu akikaribia tu inahama kabisa. Hakuna kuvuka ile pampu. Lakini Mzee, hiyo bata si ilikuwa imelala tu kama mtu wa serikali?"

Mwoga! Bata mgongo-mweupe, ambaye unaweza karibu kumgusa kwa kasia! Huyu ndiye mwenyekiti. Kavunja rekodi ya kutojua, na kutojua kwake kumenisaidia, maana wangekaribia wangeiona mishono. Mungu huwatumia hata hawa.

Jumanne, 18 Machi

Grupu limechanganyikiwa kwa furaha. Picha za kikapu cha mke wangu zimejaa kila mahali. Bwana mmoja wa Nairobi anayejiita mtaalamu kaandika kwamba "mkao wake unaonyesha ndege aliyeridhika na mazingira." Mama wa benki kasema ni jike. Kijana wa bima kasema ni dume. Wamebishana kutwa. Nilimsomea Nyar Seme yote wakati anapepeta mchele, akaniambia nimwandikie yule wa Nairobi kwamba ni ya mafuta ya kupikia.

Injinia kaweka ramani, kama kawaida. Safari hii nimeitazama ile alama kwa raha. Iko palepale ninapoitaka.

Kwenye kichochoro hali ni shwari. Nakwenda peke yangu asubuhi kwa mashua ndogo niliyoazima kwa mvuvi, nakaa katika kibanda nilichojifunikia kwa mafunjo. Dume ndiye anayelalia zaidi. Jike akirudi wanabadilishana bila sherehe. Hakuna hotuba. Ndoa ya kuigwa.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua kubwa tangu jana. Nilihofia kikapu kingelowa na kuzama, nikaenda kukitazama.

Kizima. Zaidi ya kizima, kimenyooka kuliko nilivyokiacha. Kimegeuzwa kidogo pia, sasa kinautazama ufuko, upande wake mzuri. Upepo una akili kuliko grupu.

Shingoni kuna uzi wa kijani. Sikumbuki Nyar Seme akitumia uzi wa kijani. Labda kipande cha wavu kimenasa. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa, sikuchunguza. Ile nta ilikuwa wazo langu na imefanya kazi barabara.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimeogopa kweli.

Nikiwa kibandani, nikasikia mlio juu. Droni ya Injinia, kile kidege cha kamera anachoturingia nacho kila matembezi. Ilikuja ikifuata ukingo wa mafunjo, ikaingia juu ya kichochoro, ikasimama. Palepale, juu yetu. Mimi chini ya majani nimejikunja, na bata kwenye kiota, jicho moja wazi. Nilitamani jiwe. Nilitamani bunduki. Ilikaa hapo kidogo, ikageuka, ikarudi ilikotoka.

Kutwa nimeishika simu mkononi nikingoja ramani. Nyar Seme kaniambia chakula kinapoa. Sikula.

Hakuweka kitu. Jioni kaweka picha ya machweo, iliyopinda.

Basi hakuona. Mtu anatazama kutoka mbinguni na hakuona kiota cha majani makavu, bata juu yake, na mzee mzima amekaa kando! Nimecheka peke yangu jikoni. Macho amepewa ya nini, sijui. Ya kuvalia miwani.

Jumatano, 26 Machi

Mambo yanaharibika.

Jumamosi grupu linaleta wageni kutoka Nairobi na Naivasha. Wanataka kumwona "bata wetu" kwa karibu. Injinia kaandika kwamba hakuna kusogea. Wageni wamelalamika: hawawezi kusafiri njia yote hiyo kwa nukta ya kahawia. Yule mtaalamu kaandika kwamba yeye anajua kuwakaribia ndege. Kisha mmoja, simjui na sitaki kumjua, kaandika: "Mafunjo yakizuia, tutakuja na panga." Akaweka kicheko.

Injinia hakujibu. Bila shaka anawaogopa watu wa Nairobi.

Mayai yamekaribia. Nahesabu kwa mgongo wangu tu, kila asubuhi unavyouma zaidi, lakini yamekaribia. Wiki moja zaidi, labda. Wakimkaribia yule wa ghuba la pampu watagundua, na wakigundua watatafuta wa kweli. Nimewafundisha mwenyewe kwamba yupo mahali fulani. Hilo sikulifikiria.

Usingizi umekataa mchana na usiku. Nawachukia watu hawa. Naandika hivyo bila kupunguza neno.

Jumamosi, 29 Machi

Upepo ulihamisha magugumaji. Kisiwa kizima cha majani mabichi kimesogea na kuziba ghuba la pampu, mlango haupo. Niliona hivyo alfajiri nikakimbilia kichochoroni, maana nilijua: wakikosa kuingia kule, watafuata ukingo kutafuta njia nyingine. Na ukingo unaleta huku.

Nikakaa kibandani. Sikuwa na mpango wowote. Mzee mwenye kamera na kasia la kuazima. Dume juu ya kiota, amelala.

Wakaja. Injini kwanza, halafu sauti. Mashua nne. Ya Ochieng' mbele, leo ikiwa na injini ya kukodi, na Injinia ndani yake na kizibao chake na mtungi wake wa gesi begani. Nyuma yake bwana mnene wa kofia mpya, mmoja wa wale wageni, akielekeza kidole kwenye mdomo wa kichochoro. Nilimsikia vizuri.

"Hapo ndani kuna njia! Nyinyi kateni tu hayo majani!"

Na panga lilikuwepo. Nililiona likinyanyuliwa kwenye mashua ya pili.

Injinia akasimama. Akatazama ndani ya kichochoro, moja kwa moja upande wangu, muda kidogo. Kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Kiboko! Kiboko! Jowa, watu wetu, rudini nyuma! Ochieng', geuza! Geuza haraka!"

Ochieng' hahitaji kuambiwa kiboko mara mbili. Kageuza mashua palepale. Injinia alikuwa bado amesimama, anapunga mikono. Akaanguka majini kifudifudi, na ile lenzi ikamtangulia. Mayowe. Mama wa benki akaanza kuomba. Walimvuta ndani kwa mifuko ya kizibao, ambayo hatimaye imepata kazi. Lenzi haikuonekana tena. Mashua zote nne zikakimbia kuelekea ufukoni.

Nilitoka kibandani kutazama. Hakukuwa na kiboko. Kulikuwa na gogo. Gogo la mti lililooza, nusu limezama, limekaa hapo tangu Januari. Mtu kaogopa gogo!

Nimecheka mpaka nikashika mafunjo nisianguke na mimi. Mwoga mkubwa, kipofu mkubwa, na bata wangu wako salama kwa sababu ya woga wake. Dume hata hakufungua jicho la pili.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya kanisa niliwasimulia wavuvi pale ufukoni habari ya gogo. Nilisema nilikuwa napita kwa mbali. Nilimwigiza vizuri: mikono, kizibao, kofia ikielea. Mama wa samaki alikaa chini kwa kicheko. Nikampa jina, Injinia Gogo. Limeshika kama moto wa nyasi. Kufikia jioni hata watoto wanaoanika omena walikuwa wanalitaja, na kwenye grupu mtu kaweka picha ya gogo lenye kofia.

Mwenyewe kaandika ujumbe mrefu. Kwa sababu ya kiboko mkali, matembezi yote ya upande ule yamesimamishwa mpaka atakapotangaza. Wageni wamekwenda zao wamenuna. Kaongeza kwamba yule bata adimu naye huenda amehama.

Mtu kadhalilika namna ile na bado anamshikilia kiboko wake! Ningekuwa yeye ningehama Kisumu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimerudi kutoka majini nikamkuta bata wa magugumaji juu ya meza, kwenye gunia, kando ya sufuria ya ugali.

Nyar Seme hakugeuka jikoni.

"Injinia alikuwa hapa. Ameleta atudo yako, hiyo bata. Anasema haina kazi tena huko na watu wataiona."

Nikauliza alijuaje ni yangu.

"Aliniuliza nani alisuka. Nikasema ni mimi. Akasema kazi ni safi, ila shingo ilikuwa inalegea kila mvua, ikabidi aishone. Nimeangalia. Si mshono mbaya kwa mwanaume."

Nikamkalisha bata mapajani. Uzi wa kijani. Si mahali pamoja. Shingoni, kifuani, chini ya mkia. Uzi wa kuvulia, ule ule wa kofia yake. Mtu kamwendea mara nyingi, kwenye mvua, akakaa naye mashuani akimshona.

Nikauliza kama hakusema kitu kingine.

"Aliuliza kama wameangua."

Nikaanza kuhesabu ile mishono upya. Nyar Seme alinitazama akaona, akanipakulia bila kuniuliza ninataka kiasi gani.

Alijua. Tangu siku ile aliposimama mbele yao na mikono imetandazwa. Droni iliona kila kitu, mimi pia iliniona, nimejikunja chini ya majani kama mwizi wa kuku. Na Jumamosi aliona gogo. Injinia wa barabara anajua gogo.

Nimekasirika. Nilikuwa nimemaliza kazi ya kumdharau mtu huyu, kazi ya miaka, imekamilika, haina mwanya. Sasa anakuja na sindano.

Ijumaa, 4 Aprili

Kule ufukoni wanamwita Gogo. Leo nimepita, nikasikia watu wakisimulia kwa maneno yangu, na mikono yangu, na ile sehemu ya kofia ikielea. Nikataka kuwaambia nyamazeni. Lakini niwaambie nini? Nikisema hakuogopa, wataniuliza kwa nini basi alipiga kelele. Nikieleza kwa nini, nimekitangaza kiota. Yeye analijua hilo vizuri, ndiyo maana amenyamaza.

Lenzi ile haitengenezeki hata ikipatikana. Na ilikuwa nzuri. Sikuwahi kusema hivyo, lakini ilikuwa nzuri sana.

Nimenunua samaki nikaenda nyumbani. Najionea aibu. Ni hisia mbaya na siipendi.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi tulivu. Hakuna upepo.

Wameangua. Vifaranga wanne, wa kahawia, wamekaa juu ya maji nyuma ya mama yao. Dume anafuata kwa mbali, anasinzia akiogelea. Mmoja alijaribu kupiga mbizi, akarudi juu kama kizibo. Nimepiga picha chache. Mwanga haukuwa mzuri. Nimezihifadhi zote. Kisha wakaingia katikati ya mafunjo, nikabaki natazama kiota kitupu.

Nilipotia mashua ufukoni Injinia alikuwa pale, ananunua ngege. Kofia mpya, kamba yake bado ina karatasi ya duka. Mvuvi mmoja akamwita kutoka upande wa pili, "Injinia Gogo! Kiboko hajambo?" Watu wakacheka. Akanyanyua mkono akaitika, kama mtu anayeitwa kwa jina alilopewa na mama yake.

Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ijumaa. Yote yalipotea.

"Wanne," nikamwambia.

Akaacha kuchagua samaki. "Wazima?"

"Wazima."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama majini kidogo. Macho yalikuwa yamelowa, akajifuta kwa ile mifuko ya kizibao, maana hakuwa na kitambaa katika hata mmoja. Nikampa changu.

Kisha akaanza kunieleza habari za lenzi anazofikiria kununua, moja ina hiki, nyingine ina kile, na bei za Nairobi, na shemeji yake aliyeko Dubai. Anazungumza sana huyu mtu. Jua lilikuwa limepanda na samaki wake walianza kuharibika. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka akamaliza.